Cheti kipo, sakafu haijaonekana: kisa cha tangi la dizeli na ofisi tatu zilizolisimamia

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wakaguzi na maofisa wa leseni wanaosimamia matangi ya mafuta yaliyo juu ya ardhi. Majina ya watu, kampuni, ofisi na mahali yameondolewa. Vipimo vimekadiriwa ili depo isitambulike, ila hesabu bado zinakubaliana. Jalada lote limepitiwa, pamoja na barua ambazo ofisi moja iliandika na nyingine hazikuziona.

Usuli

Depo ina matangi matatu ya dizeli ndani ya ukuta mmoja wa kinga, ule ukuta unaozunguka matangi ili mafuta yakimwagika yasiende mbali. Tangi kubwa, ambalo hapa linaitwa Tangi A, lina kipenyo cha mita 20 na kimo cha mita 10, kwa hiyo likijaa hadi ukingoni linabeba kama mita za ujazo 3,142. Madogo mawili yana kipenyo cha mita 15 kila moja. Yote yalijengwa na mmiliki wa kwanza, na mmiliki wa sasa aliyanunua yakiwa na mafuta ndani. Tangi linalouzwa likiwa na mafuta halifunguliwi, na mnunuzi hupokea karatasi za tangi badala ya tangi lililochunguzwa.

Serikali ilikuwa na mikono mitatu pale. Mamlaka ya nishati ilitoa leseni na kuihuisha kila mwaka. Ofisi ya mazingira ilishughulikia maji machafu na udongo. Zimamoto walikagua vifaa vya kuzimia moto, njia za kutokea na umbali kati ya matangi. Kila ofisi ilikuja kwa siku yake na fomu yake.

Masharti ya leseni yalitaja kiwango cha API 653 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kinachotumika sehemu nyingi duniani kwa matangi ya chuma yaliyokwisha kuanza kazi. Kiwango hicho kina ngazi tatu za ukaguzi. Wafanyakazi wa depo hulizunguka tangi na kuliangalia kila mwezi. Mkaguzi aliyeidhinishwa hulikagua kutoka nje angalau kila miaka 5. Kisha kuna ukaguzi wa ndani, ambapo tangi humwagwa, husafishwa, na sakafu hupimwa. Muda wa ukaguzi huo hutegemea kasi ya kutu, na kwa tangi lisilo na utando wa kinga chini ya sakafu kikomo cha kawaida hakizidi miaka 20.

Depo hiyo ilikuwa ndiyo tegemeo la mafuta ya jenereta za hospitali na za mitambo ya maji katika eneo lake. Msomaji alishike hilo, maana linaeleza kwa nini kila aliyetaka kulifunga tangi alisita.

Kilichotokea

Mkaguzi mpya wa mamlaka ya nishati alipofika kwa ukaguzi wa kawaida alipewa cheti. Kilikuwa halali, kina muhuri, na kilisema tangi "limekaguliwa na kukutwa salama". Akaomba ripoti iliyozaa cheti hicho, jambo ambalo kwa mujibu wa jalada hakuna aliyewahi kulifanya. Ripoti ilikuwa na kurasa nyingi za unene wa chuma, vipimo vyote vikiwa vya ukuta wa tangi, vilivyochukuliwa kutoka nje kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Kuhusu sakafu kulikuwa na sentensi moja: haikufikiwa kwa kuwa tangi lilikuwa likitumika.

Ukuta wa tangi ukitoboka, mafuta huonekana yakitiririka na mlinzi atapiga simu. Sakafu imelalia mchanga. Kwa chini inaliwa na unyevu wa ardhini, kwa juu inaliwa na maji yanayojitenga na mafuta na kutuama kitakoni pamoja na tope. Ikitoboka, mafuta huingia ardhini kimyakimya. Kwa hiyo ripoti ilikuwa imepima kwa makini sehemu ambayo isingemficha mtu kitu, na kuiacha ile inayoficha.

Mkaguzi aliandika notisi: tangi lifunguliwe na sakafu ipimwe ndani ya miezi 6. Mwezi wa tano ulipofika, depo iliomba muda zaidi kwa kuwa haikuwa na tangi la kuhamishia mafuta. Ikapewa. Muda huo nao ulipokaribia kwisha, ikaomba tena, mara hii kwa sababu mkandarasi wa usafishaji alikuwa hajapatikana. Ikapewa pia. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli. Lakini barua za kuongeza muda hazikuweka sharti lolote. Tangi liliendelea kujazwa kama zamani. Katikati ya hayo leseni ilihuishwa na dawati lingine la mamlaka ileile, kwa kuwa fomu ya leseni iliuliza kama cheti cha ukaguzi kipo, na kweli kilikuwepo.

Kisha ikaja mvua. Ndani ya ukuta wa kinga maji hujaa, na kuna vali ya kuyatoa nje. Mlinzi wa usiku aliifungua, kama alivyozoea, na zamu ikabadilika ikiwa bado wazi. Kesho yake watu waliokuwa wakichota maji kwenye mfereji wa chini waliona utando wa mafuta unaong'aa juu ya maji. Ofisi ya mazingira ilikuja, ikachukua sampuli na kuiandikia depo barua. Depo ikajibu kwamba ni mabaki ya mafuta yaliyodondoka wakati wa kupakia malori, ikasafisha mfereji, na jalada likafungwa. Nakala haikwenda mamlaka ya nishati wala Zimamoto.

Mambo yaligeuzwa na daftari la mali, tena kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kila depo hupiga dipu, yaani hupima kimo cha mafuta tangini, na kukilinganisha na kiasi kilichoingia na kutoka kwa mita. Tofauti ndogo ni kawaida, na kila kampuni ina kiwango cha upotevu inachokikubali. Pale depo, upungufu wa Tangi A ulikuwa ndani ya kiwango hicho, na mhasibu aliuandika kila mwezi kuwa ni "mvukizo".

Mkaguzi alipouona ukurasa huo aliuliza maswali mawili. La kwanza: tangu lini dizeli ikavukiza kiasi hicho? Petroli huvukiza, dizeli kidogo mno. La pili ndilo lililombana meneja: kwa nini upungufu unaenda upande mmoja tu? Makosa ya kupima huyumba, mwezi huu ziada, mwezi ujao pungufu. Katika daftari lile, kwa zaidi ya mwaka mzima, hakuna hata mwezi mmoja ulioonyesha ziada.

Meneja alijitetea kwa hoja ya joto la mafuta, na utetezi huo si wa kubezwa. Dizeli hutanuka kwa takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mita za ujazo 3,000 zikipoa kwa nyuzi 5 hupungua kama mita za ujazo 12 bila tone kupotea. Ila vipimo vya daftari vilikuwa tayari vimesahihishwa kwa joto. Utetezi ukaishia hapo.

Ukaguzi wa pamoja

Mkaguzi aliwapigia simu watu wa mazingira na Zimamoto. Hapakuwa na utaratibu rasmi wa kufanya hivyo, walifahamiana tu. Wakaenda siku moja, na ndipo barua ya mfereji ilipoonekana kwa mara ya kwanza nje ya ofisi iliyoiandika.

Kazi iliyochukua muda mrefu siku hiyo ilikuwa kupima ukuta wa kinga. Kwenye mchoro, eneo ni mita 60 kwa 50 na ukuta una kimo cha mita 1.2, yaani mita za ujazo 3,600. Ondoa nafasi inayokaliwa na matangi mawili madogo, kama mita za ujazo 424, inabaki 3,176. Tangi A likipasuka limejaa, kuna nafasi ya ziada ya mita za ujazo 34, ambazo kwa eneo lile ni sawa na mvua ya kama sentimita moja. Kwa hiyo hata mchoro wenyewe ulipita kwa bahati.

Ofisa wa Zimamoto aliutembea ukuta mzima akiwa na utepe. Upande wa nyuma, mahali mabomba mapya yalipopitishwa, mafundi walikuwa wamekata ukuta kwa sentimita 20 na hawakuurudishia. Ukuta hauzuii kwa kimo chake cha wastani, huzuia kwa mahali palipo chini kuliko pote. Kwa kimo cha mita 1, hesabu ikawa 3,000 kutoa 353, yaani 2,647. Tangi likijaa, mita za ujazo karibu 500 zingevuka na kuelekea mferejini.

Jioni walikuwa na mambo matatu mezani: sakafu isiyojulikana hali yake, daftari linaloashiria uvujaji, na ukuta usiotosha.

Uamuzi na sababu zake

Njia zilizojadiliwa zilikuwa tatu. Ofisa wa mazingira alitaka tangi lifungwe palepale. Mwakilishi wa depo aliomba miezi 3. Mkaguzi wa nishati alipendekeza tangi liendelee kwa masharti: kimo cha mafuta kisizidi mita 7, vali ya maji ya mvua ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae kwa msimamizi wa zamu, ukuta uliokatwa ujengwe ndani ya wiki mbili, na jaribio la uvujaji lifanyike ndani ya siku 10. Sharti moja likikosekana, leseni ya tangi hilo isimame yenyewe bila barua nyingine.

Mita 7 haikuwa namba ya kukisia. Nafasi halisi ya ukuta, 2,647, iliondolewa mita za ujazo 300 kwa ajili ya sentimita 10 za mvua, ikabaki 2,347. Mita 7 za mafuta katika Tangi A ni kama mita za ujazo 2,200. Zinaingia.

Ofisa wa mazingira alikuwa na hoja ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa nzito kuliko ilivyochukuliwa. Kushusha kimo kunatibu tatizo la ukuta. Hakutibu tundu la sakafuni. Mafuta yakishuka kutoka mita 9.5 hadi 7, kasi ya kuvuja hupungua kwa asilimia 14 hivi tu. Alijibiwa kwamba uvujaji haujathibitishwa, na kwamba kuzima jenereta za hospitali kwa sababu ya daftari kungewaweka mahali pabaya mbele ya mahakama. Wakakubaliana kwa masharti kwamba jaribio la uvujaji liwe ndilo la kwanza.

Jaribio lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Mabomba yote yalitengwa kwa vizibo vya chuma, kwa kuwa vali ya zamani yaweza kupitisha mafuta na kumdanganya mpimaji. Tangi likaachwa saa 48. Kimo na joto vilipimwa mwanzoni na mwishoni, alfajiri, mtu yuleyule kwa utepe uleule. Katika tangi la ukubwa huo milimita 1 ni lita 314, kwa hiyo jaribio la namna hii halioni uvujaji mdogo. Likionyesha salama, bado hujui. Lakini lilionyesha milimita 4 pungufu baada ya kusahihisha joto, yaani lita zaidi ya 1,200 kwa siku mbili.

Amri ya kulimwaga tangi ilitoka siku hiyohiyo. Mpango wa masharti ulikuwa umedumu siku 9. Na tangi la kuhamishia mafuta, lile lililokosekana kwa miezi yote ya nyuma, lilipatikana kwa kukodi ndani ya wiki moja. Jenereta za hospitali hazikuzimika.

Ndani ya tangi

Baada ya kusafishwa na hewa kupimwa hadi kuruhusu watu kuingia, sakafu ilipitishiwa kifaa cha sumaku kinachoonyesha chuma kilikolika, kisha kila doa likapimwa kwa mawimbi ya sauti. Mabamba yalikuwa ya milimita 6 yalipowekwa. Kwa sakafu isiyo na njia ya kugundua uvujaji, API 653 inataka unene usishuke chini ya milimita 2.5 kabla ya ukaguzi unaofuata. Sehemu kubwa ya sakafu ilikuwa salama kabisa. Tatizo lilikuwa ukanda mmoja karibu na shimo la kutolea maji, ambapo mchanga wa chini ulikuwa umezama na kuacha nafasi ya maji kutuama. Hapo chuma kilikuwa kimeliwa kutoka chini, na kulikuwa na matundu mawili, kila moja likipitisha ncha ya kalamu.

Depo ilitaka kuweka viraka. Mamlaka ilikubali kwamba kiufundi viraka vinaruhusiwa, lakini haikuridhika na msingi. Mwishowe sakafu mpya iliwekwa juu ya utando wa plastiki wenye vibomba vya kuonyesha uvujaji pembeni, kisha tangi likajazwa maji hadi juu kabla ya kurudishiwa dizeli. Jaribio la maji lilileta mabishano kwa sababu ya gharama na siku zinazopotea. Anayelibishia akumbushwe Floreffe, Pennsylvania, tarehe 2 Januari 1988: tangi la miaka kama 40, lililohamishwa kutoka kwingine na kuunganishwa upya, halikujaribiwa kwa maji hadi juu. Lilipasuka lilipojazwa dizeli kwa mara ya kwanza, na sehemu ya mafuta ikaruka ukuta wa kinga na kuingia mto Monongahela, ambao miji ya chini iliutegemea kwa maji ya kunywa. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilitunga sheria yake ya matangi.

Matokeo

Udongo ulichimbwa chini ya ukanda ulioharibika na visima vya uangalizi vikachimbwa kuelekea mfereji. Faini ilitozwa na kulipwa; ilikuwa ndogo kuliko kodi ya tangi la muda. Mlinzi wa usiku aliandikiwa onyo na depo, uamuzi ambao ofisi ya mazingira iliupinga kwa maandishi.

Uchambuzi

Kilichoharibu zaidi ni muda ulioongezwa bure. Ofisa anayeongeza muda huona kama ameahirisha uamuzi, kumbe ameamua: ameruhusu tangi lisilojulikana hali yake liendelee kujazwa. Masharti yaliyowekwa siku ya ukaguzi wa pamoja yangeweza kuwekwa kwenye barua ya kwanza kabisa. Yalihitaji utepe na hesabu ya ukurasa mmoja. Tena masharti hubadili mizani ya depo: ikipoteza robo ya ujazo wa tangi kila siku inayochelewa, mkandarasi hupatikana upesi.

Faini haikuwa na nguvu hiyo, na hili si la depo hii pekee. Sheria nyingi huwa na meno makali baada ya mafuta kumwagika na meno ya maziwa kabla. Huko Norilsk, Urusi, tangi la kituo cha umeme lilipopasuka tarehe 29 Mei 2020 na kumwaga takriban tani 21,000 za dizeli, mahakama iliamuru malipo ya karibu rubli bilioni 146. Hakuna anayetozwa hivyo kwa kuchelewesha ukaguzi. Kwa mkaguzi wa kawaida, silaha iliyo karibu ni kibali chenyewe: kukipunguza, kukisimamisha, kukipa sharti.

Kuhusu ofisi tatu, jibu la haraka ni kuziunganisha. Nina shaka nalo. Buncefield, Uingereza, ilikuwa chini ya usimamizi wa pamoja wa mamlaka ya usalama kazini na ile ya mazingira, na bado tarehe 11 Desemba 2005 tangi la petroli lilifurika baada ya kipimo cha kimo kukwama na swichi ya akiba kutofanya kazi. Wakaguzi wakikaa chumba kimoja bado wanaweza kukosa kuuliza kama swichi imejaribiwa. Hapa kilichokosekana kilikuwa kidogo zaidi: nakala ya barua. Mkaguzi wa nishati angeiona barua ya mfereji mapema, angeliomba daftari la mali mapema.

Daftari hilo linastahili kuingia kwenye orodha ya kila ukaguzi. Depo hulitunza kwa ajili ya hesabu na kodi, halihitaji kifaa, na linaonyesha mwenendo ambao ziara ya siku moja haiwezi kuuonyesha. Asiyejua kulisoma aangalie alama tu: kujumlisha na kutoa zinapokezana, au ni kutoa mfululizo?

Suala la vali lilishughulikiwa vibaya hadi mwisho. Kumwonya mlinzi ni kulaumu mkono uliofungua. Kanuni za shirikisho za Marekani kuhusu matangi haya zinataka vali ya namna hiyo iwe ya kufungwa na kufunguliwa kwa mkono, ikae imefungwa, maji yachunguzwe kabla ya kuachiwa, na kila tukio liandikwe. Pale depo mlinzi hakuwahi kupewa daftari la kuandika, na ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari kando ya vali.

Bado kuna swali la nani humlipa mkaguzi binafsi. Aliyetoa cheti cha kwanza hakudanganya. Aliandika wazi kwamba sakafu haikufikiwa. Ila aliajiriwa na depo, aliambiwa tangi halitafungwa, na kichwa cha cheti hakikuwa na nafasi ya kueleza mipaka ya kazi yake. Mamlaka sasa haipokei cheti bila ripoti kamili, na fomu ya leseni haiulizi tena kama cheti kipo. Inauliza tarehe ambayo sakafu ilipimwa kutoka ndani na jina la aliyeipima.

Matangi mawili madogo yamekaa juu ya mchanga uleule na yana umri uleule. Yamepewa amri ya kufunguliwa moja baada ya jingine, yakiwa na kikomo cha kimo tangu siku ya kwanza ya amri. La kwanza limeshamwagwa.